Alichodai Mtani Kaburini

Jabiri aliuawa na tembo jike aliyekuwa na waya mguuni. Waya ule ulitegwa na mtu, na mtu hategi waya mmoja. Nyingine zilikuwa bado porini, kwenye njia ambazo tembo hupita kwenda lamboni kunywa maji, na hakuna aliyetuambia ziko wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu asubuhi ya mazishi.

Mimi ni Athuman Semkiwa, mkuu wa askari wa wanyamapori wa kijiji, upande wetu huu wa Kwedizinga. Sisi si askari wa serikali. Hatuna bunduki. Tuna filimbi, tochi, simu, virungu na matofali ya pilipili. Matofali hayo tunatengeneza wenyewe: unatwanga pilipili kichaa iliyokauka, unachanganya na mavi ya tembo, unaanika. Tembo akiingia shambani unawasha tofali upande unakotoka upepo, moshi unamfuata, anaondoka mwenyewe. Kazi hiyo haidai cheti, na ndiyo maana nimedumu nayo. Shule niliishia darasa la tano.

Jabiri alikuwa bora kuliko sisi wote. Alizijua njia za tembo, alijua yupi ana mtoto na yupi ni mkorofi. Yule jike aliyemuua alimpa jina mwenyewe, akamwita Shangazi, kwa sababu alikuwa akifika kwenye shamba la mtu anakula bila kukaribishwa na hakuna anayethubutu kumwambia basi. Sikio lake la kushoto lilichanika zamani, kwa hiyo hata mtoto wa shule alimtambua.

Siku ile Jabiri alikuwa na Zuena, askari mwenzetu. Waliwaona tembo karibu na lambo, na Shangazi alikuwa anachechemea. Jabiri akasogea ampige picha ya mguu, ili picha itumwe kwa daktari wa wanyama ajue aje na dawa gani. Alipata picha. Kisha upepo ukageuka. Zuena aliona kila kitu na hakuweza kufanya lolote zaidi ya kupuliza filimbi. Aliponipigia simu alisema maneno machache.

"Kaka Athuman, Shangazi amemuua Jabiri. Ana waya mguuni."

Simu ya Jabiri tuliikuta kwenye majani, nzima. Niliitazama ile picha mpaka macho yakauma. Haukuwa waya wa breki ya baiskeli, huo ambao watu hutegea paa na sungura. Ulikuwa kamba ya chuma nene kama kidole, ya kuvutia magari, inayouzwa kwenye vyuma chakavu. Hiyo hutegi kwa ajili ya kitoweo. Hiyo unategea pembe.

Nilizunguka kijiji nyumba kwa nyumba kuuliza. Watu walinipa pole, walinipa kiti, hawakunipa jina. Niliyezunguka naye ni Mbaruku, kaka yake Jabiri, baba mmoja mama mmoja. Kila mlango alilia yeye kwanza. Mbaruku alikuwa na shamba la mahindi jirani na pori, na tembo walikuwa wamelimaliza misimu miwili mfululizo. Wote tuliwahi kumsikia akimwambia mdogo wake kwamba analinda wanaokula chakula cha mama yao. Lakini maneno kama hayo kila mwenye shamba huyasema. Hata mimi nimeyasema.

Sasa lazima niwaeleze habari za Habakuki, maana bila yeye hii hadithi haina mwisho.

Habakuki ni Msambaa wa Vugiri, huko juu milimani. Kila siku ya gulio alikuwa akiteremka na pikipiki yenye matenga ya mapeasi na karoti. Wasambaa ni watani wetu sisi Wazigua tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukania ukoo mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako aondoke naye, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye umechekesha. Na ukifiwa, mtani ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Anaigiza mwendo wa marehemu, anaingia kaburini analala, hatoki mpaka wafiwa wamlipe. Kwa kawaida ni kuku. Imamu wetu hapendi mambo hayo, lakini na yeye bibi yake ni Mzigua, kwa hiyo huwa anaangalia pembeni.

Kwenye gulio la mwisho kabla Jabiri hajafa, tulikuwa tumekaa kwa mama wa chai, Jabiri, Mbaruku, mimi na wengine. Habakuki akaja na tenga lake kichwani, akaanza kama kawaida yake.

"Nyie Wazigua siku hizi mmetajirika. Zamani mlinuka njaa mpaka tukawasikia milimani. Sasa mnanunua vyuma vya kuwategea ndovu wa Jabiri, halafu mimi mnaniletea nyama ya tandala kwenye mfuko wa saruji."

Aliyecheka kuliko wote ni Jabiri mwenyewe. Akamjibu, "Na wewe unakula na mfuko wake, Msambaa, kwa sababu huko kwenu hamjaona nyama tangu Mjerumani aondoke."

Mbaruku naye alicheka, akamnunulia Habakuki chai. Tulikuwa wengi pale na wote tulisikia. Mtu mwingine yeyote angesema maneno yale, Jabiri angesimama palepale amuulize vyuma gani na nyama ya nani. Lakini alisema mtani, na neno la mtani unalijibu, hulichunguzi. Tumelelewa hivyo. Tukanywa chai, tukaenda zetu.

Siku ya mazishi Habakuki alikuja na Wasambaa wenzake wawili. Alivua koti, akachukua kofia ya kazi ya Jabiri iliyokuwa imetundikwa ukutani, akaivaa. Akatembea kama Jabiri, kifua mbele, miguu nje, akipuliza filimbi na kuwafukuza wazee waliokaa kwenye mkeka.

"Rudi, rudi mzee. Hapa si shambani kwako. Pita na watoto wako."

Watu walicheka huku wanalia. Alikuwa amempata kabisa. Husna, mke wa Jabiri, alichungulia kutoka ndani waliko wanawake, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika, sikujua ni kicheko au kilio. Nadhani vyote.

Tulipofika makaburini, mimi nikiwa mbele kwenye jeneza, Habakuki alishatangulia. Aliruka kaburini, akajinyoosha chali, mikono kifuani, akafumba macho. Wenzake wawili wakasimama ukingoni wakiuliza mwenye nyumba ni nani, alipe mgeni aondoke. Mwenye nyumba, kwa maana ya mkubwa wa wafiwa, alikuwa Mbaruku. Baba yao alishafariki.

Mbaruku alikuwa amejiandaa. Alitoa kuku.

Habakuki alifumbua jicho moja. "Kuku huyu ana njaa kuliko wenyewe. Mrudishieni akale kwanza."

Watu wakacheka. Mbaruku akasema basi, anaongeza mbuzi, mtani akamchukue nyumbani jioni.

"Mbuzi nitamfunga na nini?" Habakuki akauliza. "Nataka waya."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Jeneza lilikuwa begani kwangu na nilikuwa nimesimama juu ya kaburi nikimtazama usoni, na uso wake haukuwa wa mchezo.

"Nataka waya, Mbaruku. Ule mnene. Na wenzake wote."

Kicheko kikaisha, kuanzia mbele kwetu mpaka kwa waliosimama nyuma. Mbaruku alijaribu kutabasamu. Akasema, "Mtani, leo umezidisha." Imamu akakohoa, akakumbusha kwamba maiti hacheleweshwi.

"Sheikh, na mimi sina hamu ya kulala huku," Habakuki akajibu kutoka chini. "Anayechelewesha yuko huko juu na nyie."

Mzee Mustapha, baba mdogo wa marehemu, hasikii vizuri. Nadhani alifikiri kweli kinachodaiwa ni waya wa kufungia mbuzi. Akagonga fimbo yake chini. "Mlipe, Mbaruku. Mtani akidai kaburini analipwa. Mnataka tumzike mtoto wetu na deni?"

Mbaruku alitazama huku na huku. Hapakuwa na pa kwenda. Jeneza la mdogo wake lilikuwa hewani, kaburi lina mtu, na watu wote wa ukoo walikuwa wanamtazama yeye. Angeweza kusema hana waya wowote. Nilimngojea aseme hivyo, na namwambia Mungu ukweli, nilitamani aseme. Badala yake alipiga magoti pale ukingoni kwenye udongo mbichi, na kanzu yake nyeupe, akainama.

"Ni saba," akasema.

"Sikusikii, mwenye nyumba. Huku udongo umeniziba masikio."

"Nyaya ni saba." Safari hii walisikia hata wa nyuma.

"Ziko wapi?"

Akazitaja. Tatu kwenye njia ya kutoka mashambani kwenda lamboni. Mbili kwenye korongo nyuma ya shamba lake. Moja chini ya mkwaju ambao tembo hujikunia. Zikawa sita. Habakuki akamuuliza kwa upole kabisa ya saba.

"Hiyo mnaijua," Mbaruku akasema.

Habakuki alisimama, akajikung'uta udongo, akatoka. Kuku alimchukua vilevile, kwa sababu desturi ni desturi, akamshika miguu kichwa chini na kuondoka naye bila kugeuka. Hakuna aliyecheka. Tukamteremsha Jabiri, tukamlaza kwenye mwanandani, na Mbaruku alitupa udongo wa kwanza kama kaka anavyotakiwa. Hakuna aliyemzuia. Hakuna pia aliyesimama karibu naye.

Dua ilipokwisha nilimshika Mbaruku mkono, nikamwambia tunakwenda sasa hivi. Jua lilikuwa bado juu, lakini tembo huteremka lamboni alasiri, na walikuwa na watoto. Zuena alishapata habari kwa wanawake, maana habari kama ile haihitaji miguu. Alikuwa amevua kanga na kuvaa buti zake, ana mfuko wa matofali begani.

Njiani Mbaruku alisema mwenyewe, sikumuuliza. Alikuja mtu kutoka mjini na gari, alimkuta amekaa katikati ya mahindi yaliyolala. Akampa pole. Kisha akarudi tena na zile kamba za chuma, akasema yeye anataka pembe tu, nyama ale nani atakaye. Mbaruku kwanza alijaribu waya mwembamba, akapata tandala, ndiyo ile nyama aliyomuuzia Habakuki, ambaye siku hiyo aliziona zile kamba nene nyumbani kwake. Kisha akatega zile nene. Shangazi aliponasa na kung'oa mti mzima akaondoka na waya, Mbaruku aliogopa, akataka kwenda kuzitoa zilizobaki.

"Kila nilipotoka kwenda kuzitoa," akasema, "nilimkuta Jabiri njiani, yuko kazini. Ananisalimia. Ananiuliza nakwenda wapi. Narudi nyumbani."

Zile tatu za njiani tulizifungua upesi. Alizifunga vizuri, mkono wa mtu aliyezoea mifugo. Za korongoni moja ilikuwa imezibwa na mchanga nusu, nisingeiona hata kama ningeikanyaga. Tulipofika kwenye mkwaju tulisikia matawi yanavunjika upande wa pili. Walikuwa wanakuja. Zuena hakusubiri kuambiwa, alizunguka na upepo, akawasha tofali, moshi ukaanza kutambaa kati yetu na wao. Mbaruku alishika lile fundo na vidole vikakataa. Alikuwa analia sasa kilio cha kweli, siyo kile cha milangoni. Nikamsukuma kando, nikakata kwa panga kimti cha kando kilichofungiwa waya, ukatoka na kigogo chake, tukauburuta.

Tulijificha nyuma ya kichuguu. Tembo walisimama, wakanusa, wakasubiri moshi upungue, kisha wakapita palepale chini ya mkwaju. Watoto walipita kati ya miguu ya mama zao. Shangazi alikuja mwisho kabisa, mbali na wenzake, na mtoto wake wa mwaka ule pembeni. Mguu wa mbele alikuwa hakanyagii tena, anauburuta. Wenzake waliingia majini. Yeye alisimama ukingoni, hakunywa.

Mbaruku alikaa chini. Kanzu ilikuwa bado na udongo wa kaburi magotini. Akasema, "Mtani amelipwa, kaka. Kwa mila yetu yameisha."

Na hapo alisema kweli. Kwa mila yetu kinachodaiwa na mtani kikishalipwa, hakirudiwi tena. Hulitaji jambo lile, hulipeleki popote. Kijiji kizima kingenyamaza, na wengi wangeona ni sawa, kwa sababu mama yao alikuwa bado hai na alikuwa amebakiza mtoto huyo mmoja wa kiume.

Nilimwambia mwenye gari bado ana kamba nyingine, na vijiji vipo vingi, na wenye mahindi yaliyolala wapo wengi. Nilimwambia anakwenda na mimi polisi kumtaja.

"Utawaambia nini? Kwamba Msambaa alilala kaburini?"

"Nitawaambia nina nyaya sita mkononi, na wewe umenionyesha."

Akamtazama Zuena, nadhani akitegemea huruma ya mwanamke. Zuena alikuwa anazima tofali kwa mchanga. Alisema bila kuinua kichwa, "Twende, kaka Mbaruku. Jabiri alikuwa na marafiki, na wao wataanza kukutafuta wakimaliza kula ubwabwa wa msiba."

Akasimama, tukaenda. Alimtaja yule mtu. Gari lilipatikana limeachwa Korogwe nyuma ya gereji, tupu. Mtu hakupatikana mpaka leo.

Kesi ilipofika mahakamani walihitaji shahidi aliyeuziwa nyama na aliyesikia pale makaburini. Wazee wa pande zote mbili walinijia, wa kwetu na wa Vugiri, wakaniomba nisimtaje Habakuki. Walisema neno la mtani halijawahi kupandishwa kizimbani. Nikamtaja. Mbaruku alishaanza kukana kila kitu, na bila Habakuki angetoka. Habakuki aliitwa, akaja na shati lililopigwa pasi, akaulizwa, akajibu. Hakutania hata neno moja. Tulipotoka nje nilimpa mkono. Aliupokea, lakini hakuushika.

"Kaburini nilikuwa mtani," akaniambia. "Leo umenifanya shahidi. Kaa salama, Athuman."

Hata jina langu hakuwahi kuliita kabla ya siku ile. Siku zote aliniita mla mlenda.

Watu huniuliza kama ilifaa. Sijui kujibu swali la namna hiyo. Ninachoweza ni kusema kilichotoka.

Alikufa Jabiri. Alikufa Shangazi: daktari alikuja, akamchoma sindano ya usingizi, akaukuta waya umefika kwenye mfupa, na yule tembo hakuamka. Mtoto wake tulimwona na wenzake mara chache, baadaye wakapita bila yeye.

Mbaruku alipata miaka ishirini. Mama yao alikuwa na watoto wawili wa kiume, sasa mmoja yuko kaburini na mmoja gerezani, na mimi nikimwamkia haitikii.

Husna alirudi kwa baba yake Ngombezi, kwenye nyumba za wakata mkonge, na watoto watatu. Kwa desturi Mbaruku ndiye angewalea. Siku anaondoka alinikuta barabarani, akaniambia tembo alimchukua wa kwanza, na wa pili nimemchukua mimi.

Habakuki hateremki tena. Wasambaa wengine nao hawateremki, siyo kwetu. Mapeasi tunanunua Korogwe.

Na Zuena alifiwa na baba yake. Tulichimba kaburi, tukapeleka jeneza, tukasimama. Nilijikuta natazama njia ya kutoka barabarani, na nilipogeuka niliona wengine wote nao wanatazama hukohuko. Hakuja mtani yeyote. Kaburi lilikuwa tupu, hakuna aliyelala ndani, hakuna aliyedai kuku. Tukazika kimyakimya, tukarudi nyumbani.